Tangi Lililojaa: Uchambuzi wa Kisa cha Safari ya Vani Katika Miji ya Maji Moto ya Japani

## Usuli wa kisa

Katikati ya Januari, watu wanne walikodi vani ya kulala mjini Tokyo ili wazunguke kwa siku sita katika miji ya chemchemi za maji moto ya Gunma na Nagano. Mwandishi wa uchambuzi huu alikuwa mmoja wao. Majina ya watu, mwaka na jina la kampuni iliyotukodisha gari vimeondolewa. Majina ya miji yamebaki, kwa sababu kisa chenyewe kimesimama juu ya mwinuko wa miji hiyo na baridi yake, na ukiyaondoa unabaki na hadithi isiyomfundisha mtu kitu.

Aliyeendesha ataitwa Dereva: ni Mtanzania ambaye amefanya kazi Japani kwa miaka kadhaa na ana leseni ya Kijapani. Mkewe, aliyetengeneza ratiba, ataitwa Mpangaji. Wa tatu ni Shangazi, dada wa baba yake Dereva, aliyekuja kutoka Tanga kuwatembelea. Ana miaka sitini na ushei, na shinikizo la damu analolituliza kwa vidonge vya kila siku. Wa nne ni mwandishi, rafiki wa familia. Dereva peke yake ndiye aliyeruhusiwa kushika usukani, kwa kuwa katika leseni za kimataifa Japani hutambua zile tu zilizotolewa chini ya Mkataba wa Geneva wa 1949, na ya mwandishi haikuwa ya mkataba huo.

Gari lilikuwa Toyota Hiace ya dizeli, bodi ile ile ambayo msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa ameipanda mara nyingi akiwa amebanwa baina ya abiria wenzake, ila hii viti vyake vilikuwa vimeng'olewa na mahali pake pakawekwa vitanda, sinki dogo na betri ya pili. Ilikuwa na matairi ya theluji. Ilikuwa pia na hita ya dizeli, yaani kijitanuri kilichofungwa chini ya kiti, kinachochoma mafuta kidogo kidogo usiku kucha injini ikiwa imezimwa, kikapuliza hewa ya moto ndani na kutoa moshi wake nje kwa bomba jembamba chini ya sakafu. Hita hiyo haikuwa na chombo chake cha mafuta. Ilivuta dizeli kutoka tangi lile lile la injini.

Mpangaji alikuwa ametengeneza ratiba mwezi wa Septemba. Siku mbili za kwanza zilikuwa za Kusatsu, mji ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, ambao chemchemi zake hutoa zaidi ya lita 32,000 za maji kwa dakika, kiasi kinachohesabiwa kuwa kikubwa kuliko cha mji mwingine wowote wa Japani kwa maji yanayobubujika yenyewe bila pampu. Kutoka hapo tungevuka mlima kwa barabara ya taifa namba 292 hadi Shibu, kisha Nozawa, kisha nyumbani. Kwenye ramani ya simu ya mwezi wa Septemba, Kusatsu na Shibu zilitenganishwa na kilomita zisizofika 60.

## Siku ya kwanza

Kampuni ilitukabidhi gari likiwa na tangi lililojaa, kama mkataba ulivyotaka. Tulipofika Takasaki, mji wa tambarare ambao barabara ya milimani huanzia karibu yake, Dereva aliingia kituo cha mafuta akaongeza lita chache zilizokuwa zimetumika hadi mshale ukasimama juu kabisa. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Sisi sote tumelelewa katika nchi ambazo mtu anayeelekea safari ndefu hujaza mafuta mahali pa mwisho anapopaamini, kwa sababu kituo cha mbele huenda kimeishiwa. Shangazi alimsifu kwa busara hiyo.

Mchana tulipita Ikaho, tukapanda ngazi zake za mawe ambazo ni 365, polepole, na Shangazi akapumzika mara nne. Giza lilikuwa limeanza kuingia tulipofika Kusatsu, na theluji ilikuwa inaanguka. Katikati ya mji, kuzunguka yubatake, yaani uwanja wa mifereji ya mbao ambamo maji ya chemchemi hupitishwa yapoe kabla ya kugawiwa kwenye mabafu, lami ilikuwa imelowa tu, haina theluji hata kidogo, kwa kuwa joto la maji hayo hayo hutumika kupasha moto barabara kutoka chini. Mita mia chache nje ya hapo, ardhi yote ilikuwa barafu.

Palikuwa na chaguo la sehemu tatu za kulala. Ya kwanza ilikuwa uwanja wa kulipia ulioandaliwa kwa magari ya kulala, wenye soketi za umeme. Kwa kawaida ada ya viwanja kama hivi huwa kati ya yeni 2,000 na 4,000 kwa usiku. Mpangaji aliukataa, akisema kwamba tumekodi gari la kulala ili tusilipie pa kulala. Ya pili ilikuwa bonde dogo kando ya kijito kinachotoa mvuke, mahali pasipo na upepo, ambapo theluji ilikuwa imeyeyuka ikaacha majani makavu, na kwa macho ya mtu aliyechoka palionekana kama kitanda kilichotandikwa. Mpangaji alipapenda. Dereva alipakataa kwa sababu moja tu: mteremko wa kuingilia ulikuwa na barafu, na aliogopa kushindwa kutoka asubuhi. Ya tatu, ambayo ndiyo tuliyoichukua, ilikuwa kituo cha kando ya barabara cha aina ambayo Wajapani huiita michi-no-eki. Vituo hivi vilianza kusajiliwa mwaka 1993 na sasa ni zaidi ya 1,200 nchi nzima. Vina vyoo vinavyofunguliwa saa 24 na maegesho ya bure. Serikali husema wazi kwamba vimewekwa kwa ajili ya dereva aliyechoka kupumzika, si kwa ajili ya malazi. Tulilijua hilo, tukajipa ruhusa wenyewe.

Tulinyanyua vifuta kioo ili visigande kwenye kioo, tukala, tukawasha hita, tukalala.

## Usiku

Theluji ilikatika karibu saa 5 usiku. Saa 6 Dereva alitoka na koleo, akaondoa theluji iliyozunguka bomba la moshi la hita, akarudi kulala. Mawingu yalifunguka, nyota zikatoka, na joto la nje likaanza kushuka kwa kasi, kama ilivyo kawaida milimani usiku wa anga tupu.

Saa 9:40 usiku Shangazi alituamsha. Hakusema ana baridi, alisema, "Hicho kijitanuri chenu kimenyamaza." Mlio mdogo wa hita, tek tek tek, ambao pampu yake hutoa kila inapovuta tone la mafuta, ulikuwa haupo. Kwenye kidude cha kuiwashia palikuwa na alama ya hitilafu. Kipimajoto cha nje kilionyesha nyuzi 14 chini ya sifuri, cha ndani nyuzi 3 juu ya sifuri, na ndani ya dirisha pumzi zetu zilikuwa zimeshaanza kuganda.

Dhana yetu ya kwanza ilikuwa kwamba theluji imeziba bomba la moshi. Dereva na mwandishi walitoka kuangalia, wakakuta bomba liko wazi. Tuliiwasha upya hita mara tatu; kila mara ilipuliza hewa baridi kwa dakika chache, ikazima. Zilikwenda dakika 25 kwa namna hiyo. Ndipo Dereva alipoamua kuwasha injini. Ilishika mara moja, ikanguruma vizuri kwa muda wa dakika moja hivi, ikaanza kukohoa, ikazima, na haikuwaka tena. Alipojaribu mara ya nne na starta ikaanza kuzunguka kivivu, Mpangaji alimwambia aache, betri isije ikaisha nayo.

## Maamuzi, na sababu zake

Palikuwa na jiko dogo la gesi la kubebea, na makopo mawili ya gesi. Mwandishi ndiye aliyependekeza liwashwe ndani kwa dakika kumi tu, dirisha likiwa wazi kidogo. Shangazi alikataa kabla sentensi haijaisha. Alisema amehudhuria mazishi ya watu wawili waliolala na jiko la mkaa Lushoto wakati wa baridi, na kwamba wao pia walikuwa wameacha dirisha wazi kidogo. Hoja hiyo ilimaliza mjadala, na ilistahili kuumaliza: ndani ya chumba cha ukubwa ule, gesi ya sumu ya monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu, hutangulia kumlegeza mtu kabla hajatambua kwamba analegea.

Tulimpigia mtu wa zamu wa kampuni iliyotukodisha. Alikuwa na adabu nyingi, akatuambia gari la kukokota lingefika asubuhi. Alituuliza kama betri ina nguvu na kama mafuta yapo. Tulijibu kwa fahari kwamba tangi limejaa.

Baada ya simu hiyo Dereva alitaka kuendelea kuhangaika na gari: apashe moto filta ya dizeli kwa maji, au amwombe dereva wa lori lililokuwa mbali kidogo amsaidie. Hapo ndipo Shangazi alipouliza swali ambalo, kwa maoni ya mwandishi, ndilo lililogeuza usiku: "Baba, hapa tunalinda gari au tunalinda watu?" Kuanzia hapo gari liliachwa kama lilivyo.

Tuliamua mambo matatu kwa pamoja. Watu wanne wakahamia kitanda kimoja cha nyuma, mifuko ya kulalia ikafunguliwa na kuunganishwa, Shangazi akawekwa katikati. Mwandishi alitia kopo la gesi ndani ya koti, ubavuni, kwa robo saa, kwa sababu gesi ya butani haigeuki mvuke chini ya nusu digrii chini ya sifuri, na kopo lililolala sakafuni kwenye baridi ile lisingetoa moto wa maana. Kisha jiko likawashwa nje, mita tatu kutoka garini, nyuma ya ukuta wa theluji uliotengenezwa kwa koleo, likachemsha maji lita moja baada ya nyingine. Maji yakatiwa kwenye chupa mbili za chuma, zikafungwa soksi, zikapewa Shangazi: moja miguuni, nyingine tumboni. Kila baada ya dakika 40 zilijazwa upya. Hatukuvuka eneo lile kwa miguu kutafuta msaada usiku, kwa kuwa hatukuwa na uhakika wa njia na Shangazi asingeweza kutembea kilomita nzima juu ya barafu.

Saa 11:30 alfajiri taa iliwaka kwenye nyumba ya wageni upande wa pili wa barabara. Dereva alikwenda kugonga.

## Asubuhi

Mwenye nyumba ya wageni, mzee wa makamo ya Shangazi, alimsikiliza Dereva akiwa mlangoni na ndala za nyumbani. Hakuuliza tumetoka nchi gani, wala kwa nini tumelala pale. Aliuliza, "Mafuta mmejazia wapi?" Aliposikia Tokyo na Takasaki, alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia jibu alilolitazamia, akatuambia tumlete mama ndani.

Shangazi alikaa kando ya jiko la mafuta ya taa ukumbini, akapewa chai. Mwenye nyumba alitualika tuingie kwenye bafu lake bila malipo, na sote tulitamani Shangazi atangulie. Yeye mwenyewe alikuwa ameshasimama. Mpangaji ndiye aliyemzuia, na hili ni katika maamuzi mazuri ya safari nzima: mwili uliopoa huwa umebana mishipa yake, na ukitumbukizwa ghafla katika maji ya nyuzi 43 mishipa hufunguka na shinikizo la damu huporomoka, jambo ambalo kila majira ya baridi huwaangusha wazee ndani ya mabafu ya Japani. Shangazi alikunywa chai mbili, akakaa zaidi ya saa nzima, akameza kidonge chake, ndipo akaingia bafuni akianza kwa kujimwagia maji miguuni, kisha mapajani, kisha mabegani, kama wenyeji wafanyavyo kabla ya kuingia. Alikaa ndani dakika nne. Maji ya Kusatsu yana asidi kali, pH yake ni karibu 2, na yana salfa. Alipotoka, pete yake ya fedha ilikuwa imegeuka nyeusi kama kaa. Aliitazama kwa muda, akasema itamsaidia kuthibitisha hadithi atakapofika nyumbani.

Gari la kukokota lilifika saa 3 asubuhi. Fundi alifungua filta ya dizeli mbele yetu. Ndani hamkuwa na kimiminika; mlikuwa na kitu cheupe kizito, mfano wa mafuta ya nazi yanavyokuwa chupani asubuhi ya kipupwe. Vani ilisukumwa kwenye gereji yenye joto, ikakaa hapo hadi alasiri, filta ikabadilishwa, nusu ya dizeli ikatolewa na nafasi yake ikajazwa dizeli ya kituo cha pale pale mjini. Injini na hita ziliwaka. Kukokota kulilipiwa na bima. Filta, mafuta na kazi ya fundi tulilipa wenyewe, kwa kuwa mkataba uliwahesabia waliokodi gari kosa lolote la mafuta.

## Barabara iliyofungwa

Jioni hiyo, tukiwa sasa kwenye uwanja wa kulipia wenye umeme, mwenye nyumba ya wageni alitaka kujua tunaelekea wapi. Tulimwambia Shibu, kwa 292. Akacheka kwa mara ya kwanza. Barabara hiyo hupanda hadi mita 2,172, mahali pa juu kuliko pote kwenye barabara za taifa za Japani, na sehemu yake ya juu hufungwa tangu katikati ya Novemba hadi mwishoni mwa Aprili. Mpangaji alikuwa ameipima mwezi ambao ilikuwa wazi.

Njia zilizobaki zilikuwa mbili: kupita Tsumagoi na kuvuka kwenye upito wa Torii, au kushuka Karuizawa na kushika barabara kuu ya kulipia ya Joshin-etsu hadi Shinshu-Nakano. Ya pili ni zaidi ya kilomita 120 na ina ushuru. Tuliichagua bila mabishano, kwa sababu husafishwa theluji usiku na mchana na ina vituo vya kupumzika kila baada ya muda mfupi. Nozawa ilipunguzwa kutoka siku mbili hadi moja.

Shibu ilitufundisha jambo jingine, la upole zaidi. Mji huo una mabafu tisa ya jumuiya, na ufunguo wake hupewa mtu aliyelala kwenye nyumba ya wageni ya hapo. Anayepita tu huruhusiwa kuingia moja, la tisa, kwa malipo. Vani yetu haikuweza hata kuingia kwenye vichochoro vyake. Tuliiacha nje ya mji, tukalipia chumba, na usiku ule tukazunguka bafu hadi bafu kwa mavazi ya pamba na viatu vya mbao vinavyogonga mawe, Shangazi akipigiwa muhuri kwenye kitambaa chake kila mlango. Aliingia manne, akagoma la tano.

## Uchambuzi

Chanzo cha karibu cha kisa ni rahisi kukieleza. Dizeli ina nta ndani yake, na nta hiyo huganda kadiri baridi inavyozidi, ikaziba filta kabla mafuta yenyewe hayajaganda. Kwa hiyo Japani huuza dizeli kwa madaraja. Daraja la 2, ambalo ndilo la kawaida wakati wa baridi katika tambarare za Tokyo, linatakiwa lipite kwenye filta hadi nyuzi 5 chini ya sifuri. La 3, linalouzwa milimani, hadi nyuzi 12 chini. Na daraja la 3 maalumu, la Hokkaido na sehemu za namna hiyo, hadi nyuzi 19 chini. Madaraja haya hayaandikwi kwa herufi kubwa kwenye pampu. Kituo huuza kinachofaa mahali kilipo, na mwenyeji hana haja ya kuyajua. Anayeyahitaji ni yule anayevuka kutoka ukanda mmoja kwenda mwingine kwa siku moja, naye ndiye asiyeambiwa. Desturi ya watu wanaokwenda kuteleza kwenye theluji ni kufika mlimani tangi likiwa nusu au chini ya hapo, kisha kujaza huko kabla ya kulala, ili mafuta ya baridi yapate nafasi ya kuchanganyika na kufika kwenye filta.

Injini ilishika kwanza kisha ikafa kwa sababu kwenye mabomba yaliyo karibu nayo mlibaki mafuta yaliyokuwa bado na uvuguvugu. Yalipokwisha, filta haikupitisha mengine. Hiyo ni dalili inayotosha kuitambua hali hii, na laiti tungeijua tusingeipa starta majaribio manne.

Chanzo cha mbali kidogo ni kwamba joto letu na mwendo wetu vilining'inia kwenye kamba moja. Tulipohesabu usalama wetu tuliona vitu viwili: injini, na hita kama akiba yake. Kumbe kilikuwa kitu kimoja chenye midomo miwili. Uwanja wenye umeme ungetupa chanzo cha pili cha kweli, maana kihita kidogo cha umeme kilikuwemo kabatini tangu Tokyo. Yeni 3,000 tulizookoa hazikufika hata robo ya bili ya gereji, na hapo sijataja kwamba tulizipata kwa kutumia kituo cha mapumziko kama gesti.

Ni vyema pia kutenganisha uamuzi mzuri na matokeo mazuri, kwa sababu katika kisa hiki vinachanganyika. Kukataa kulala bondeni kando ya kijito kulituokoa, lakini hatukukataa kwa kujua. Dereva aliogopa mteremko. Gesi ya salfidi hidrojeni inayotoka pamoja na maji ya salfa ni nzito kuliko hewa, hujikusanya mabondeni na kwenye mashimo ya theluji pasipo na upepo, na ikizidi huua uwezo wa pua kuinusa. Tarehe 29 Desemba 2005, katika mji wa maji moto wa Doroyu mkoani Akita, familia ya watu wanne ilikufa kwa gesi hiyo kwenye shimo la theluji karibu na maegesho. Desemba 1971, watu sita waliokuwa wakiteleza kwenye miteremko ya Shirane, juu ya Kusatsu hiyo hiyo, walikufa vivyo hivyo. Ardhi isiyo na theluji katikati ya theluji, katika nchi ya chemchemi, ni onyo. Sisi tuliisoma kama ukarimu. Mwandishi anaona hili ndilo kosa kubwa kuliko yote ya safari, kubwa kuliko dizeli, ingawa halikutugharimu hata yeni moja.

Upande wa yaliyofanyika vizuri, la kwanza ni kuondoa theluji kwenye bomba la moshi saa 6 usiku. Halikuwa na uhusiano na hitilafu, lakini moshi unaozuiwa na theluji hurudi chini ya sakafu na kuingia ndani. Majaribio ya shirikisho la magari la Japani, JAF, yameonyesha kwamba gari lililofunikwa na theluji likiachwa linaunguruma linaweza kujaza sumu ya kuua ndani ya muda usiofika nusu saa. Hata kama injini yetu ingekubali kuwaka, kulala nayo ikiunguruma kusingekuwa suluhisho bila mtu kukesha na koleo. La pili ni kukataa jiko ndani. La tatu ni chupa za maji ya moto, ambazo zilipeleka joto mahali lilipohitajika badala ya kupasha vani nzima ambayo isingepashika.

Hapa pana jambo ambalo limemshughulisha mwandishi tangu tuliporudi. Uzoefu wa nyumbani ulitupoteza na uzoefu wa nyumbani ulitunusuru, katika usiku mmoja. Tangi lilijazwa kwa hekima ya barabara ya Tanga, na jiko lilikataliwa kwa hekima ya Lushoto. Tofauti ni kwamba Shangazi alijua sababu ya katazo lake, yaani gesi ya sumu isiyo na harufu ndani ya chumba kilichofungwa, na sababu hiyo haibadiliki ukivuka bahari. Sisi tulijaza tangi bila kujiuliza desturi hiyo inazuia nini. Inazuia kuishiwa mafuta njiani. Na kati ya Tokyo na Kusatsu, karibu kilomita 180 zilizojaa vituo vya mafuta, hatari hiyo haikuwepo hata kidogo.

Kuhusu ratiba, Mpangaji amejilaumu kupita kiasi. Kufungwa kwa 292 kulikuwa kumetangazwa waziwazi, na kulitafuta kungechukua dakika mbili. Hata hivyo kosa liligunduliwa tukiwa tumekaa mahali penye joto na njia mbadala mkononi, na gharama yake ikawa siku moja. Kilichopungua zaidi ni kwamba ratiba nzima ilichukulia vani kuwa malazi ya kila usiku, wakati miji hii imejengwa kwa ajili ya mtu anayelala ndani yake. Usiku wa Shibu, ambao haukuwemo kwenye bajeti, ndio ambao Shangazi anausimulia.

Imebaki sehemu ya kampuni. Ndani ya kijitabu cha gari, kwa Kijapani, ukurasa wa mwisho, palikuwa na mstari uliomshauri anayekwenda milimani ajaze mafuta huko. Hakuna aliyetuonyesha, na Dereva, anayesoma Kijapani, hakufika ukurasa huo. Lakini mkataba wenyewe ulidai gari lirudishwe tangi likiwa limejaa, na risiti iwe ya kituo cha karibu na ofisi. Kwa kanuni hiyo kila mteja huanza safari yake na dizeli ya Tokyo.

Siku ya sita tulijaza kituo kilicho umbali wa dakika kumi kutoka ofisini, tukarudisha funguo. Kijana aliyekuwa anaichukua vani ile ile alishaanza kupakia mbao zake za kutelezea. Dereva alimweleza kwa ufupi yaliyotupata. Kijana akainama, akatazama mshale wa tangi uliosimama juu kabisa, kisha akamuuliza karani kama inawezekana kupunguza mafuta kidogo kabla hajaondoka. Karani alipekua karatasi zake kwa muda, akajibu kwamba hawana utaratibu huo.